Kubadili fomati za muziki bila kuharibu sauti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi huanza kwa kuuliza ni programu gani nzuri ya kubadilishia faili za muziki. Programu nzuri zipo nyingi, na nyingi ni za bure. Kinachoamua kama sauti itabaki salama ni unatoka fomati gani kwenda fomati gani, na hapo ndipo watu huharibu muziki wao bila kujua. Majibu haya ni kwa mtu mwenye kompyuta ya kawaida, simu, na nyimbo asizotaka kuzipoteza.

Kweli inawezekana kubadili fomati bila kupoteza chochote?

Inawezekana, ila inategemea mwelekeo. Fomati za sauti zimegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza hutunza kila kitu. WAV na AIFF haziibani sauti hata kidogo. FLAC, ALAC na WavPack huibana, lakini ukiifungua unapata namba zilezile zilizoingia, hakuna hata moja iliyobadilika. Kundi la pili ni MP3, AAC, Ogg Vorbis na Opus. Hizi hupunguza ukubwa wa faili kwa kutupa sehemu za sauti ambazo sikio la mtu halitarajiwi kuzisikia, kwa mfano mlio hafifu unaofunikwa na mlio mkubwa uliotokea wakati uleule.

Ukitoka kundi la kwanza kwenda kundi hilohilo la kwanza, hupotezi kitu. Geuza WAV iwe FLAC, FLAC iwe ALAC, kisha irudishe iwe WAV, hata mara mia, sauti ni ileile. Ukitoka la kwanza kwenda la pili, unapoteza mara moja. Ukitoka la pili kwenda la pili, mfano MP3 kuwa AAC, unapoteza tena juu ya kile kilichokwisha kupotea, na makosa ya mbano wa kwanza yanabanwa pamoja na muziki. Ukitoka la pili kwenda la kwanza, hakipotei zaidi lakini pia hakirudi kitu. Maji yakimwagika hayazoleki.

Basi nikigeuza MP3 zangu kuwa FLAC, ubora utapanda?

Hapana. Wimbo wa dakika 4 wa MP3 yenye kilobiti 128 kwa sekunde ni kama MB 3.8. Ukiugeuza kuwa FLAC unaweza kufika MB 20 na zaidi, na sauti itakayotoka kwenye spika ni ileile ya MB 3.8. Umepoteza nafasi ya diski bure.

Hasara ya kujaza diski ni ndogo. Kubwa zaidi ni kwamba faili hiyo sasa inasema uongo kuhusu asili yake. Miaka miwili baadaye utaiona FLAC, utaamini ni nakala kamili, na pengine utafuta ile iliyokuwa kamili kweli. Au utampa mtu mwingine, naye ampe mwingine, na uongo unaendelea kusafiri. Kama ulichonacho ni MP3, kiache kiwe MP3.

Kuna hali moja tu ambapo kuigeuza kuwa WAV kuna maana: unapotaka kuihariri, kukata, kuchanganya, kuondoa kelele. Hapo ifungue iwe WAV, fanya kazi yote kwenye WAV, na uibane tena mara moja tu mwishoni.

Kwa nini WAV ni kubwa kiasi hicho?

Kwa sababu inaandika kila kitu kama kilivyo. Sauti ya CD hupimwa mara 44,100 kila sekunde, kila kipimo huandikwa kwa biti 16, na chaneli ni mbili, kushoto na kulia. Zidisha: 44,100 × 16 × 2 unapata biti 1,411,200 kwa sekunde. Dakika moja inakula kama MB 10.6, na wimbo wa dakika 4 unakaribia MB 42.

Namba 44,100 haikuokotwa. Ili kuandika mlio wowote kidijitali unahitaji kuupima zaidi ya mara mbili ya masafa yake, na sikio la mtu kijana mwenye afya husikia hadi karibu kilohezi 20. Nusu ya 44,100 ni 22,050, kwa hiyo masafa yote tunayoyasikia yameshaingia, na pakabaki nafasi kidogo ya kuchuja yasiyotakiwa.

FLAC inapunguzaje ukubwa bila kutupa kitu?

Mawimbi ya sauti hayarukiruki ovyo. Ukijua vipimo vichache vilivyotangulia, unaweza kukisia kinachofuata na ukakaribia sana. FLAC hufanya hivyo: inakisia kipimo kinachofuata kwa hesabu, kisha inaandika tofauti tu kati ya makisio na ukweli. Tofauti hizo ni namba ndogo, na namba ndogo huandikwa kwa biti chache. Wakati wa kucheza, programu inarudia makisio yaleyale, inaongeza tofauti, na inapata namba ya mwanzo kamili. Kwa muziki mwingi faili hubaki kati ya nusu na theluthi mbili ya WAV. Ala moja inayopigwa polepole hubanika sana. Muziki uliojaa kelele na uliosukumwa sauti hadi kikomo hubanika kidogo.

Kuhusu zile ngazi za 0 hadi 8 ambazo watu huzibishania: ngazi hazigusi ubora. Ngazi ya 8 inatumia muda mrefu zaidi kutafuta makisio bora ili faili ipungue kidogo, basi. Ngazi ya 5, ambayo ndiyo programu huanza nayo, inatosha. Josh Coalson alitoa toleo la 1.0 la FLAC mwaka 2001, likiwa huru kwa yeyote kulitumia, na tangu hapo limesambaa kila mahali.

Nichague FLAC au ALAC?

Sauti ni sawa kabisa. Chagua kwa kuangalia vifaa vyako. FLAC inachezwa na simu za Android, na Windows tangu toleo la 10, na vicheza muziki karibu vyote. ALAC ni ya Apple. Ilitoka mwaka 2004 na mwaka 2011 kampuni ikaiachia msimbo wake uwe wazi. Kama maktaba yako ya nyimbo inakaa ndani ya programu ya muziki ya Apple, ALAC haitakusumbua, kwa sababu programu hiyo haipokei FLAC. Ukikosea kuchagua leo, kesho unageuza tu, na hakuna kinachopotea.

Nitajuaje kwamba kweli hakuna kilichopotea?

Swali hili ndilo ningependa kila mtu aliulize, kwa sababu jibu lake halihitaji masikio wala imani. Linahitaji programu ya bure iitwayo ffmpeg na dakika moja. Fungua dirisha la amri kwenye folda yenye nyimbo, uandike:

ffmpeg -i wimbo.wav -map 0:a -f md5 -

Kisha kwa ile uliyoigeuza:

ffmpeg -i wimbo.flac -map 0:a -f md5 -

Kila amri itaishia na mstari unaoanza na MD5= ukifuatwa na herufi na tarakimu 32. Huo ni muhtasari wa sauti yenyewe, si wa faili. Jina la msanii na picha ya kava havihesabiwi. Mistari miwili ikifanana, sauti ni ileile mpaka biti ya mwisho. Ikitofautiana, kuna kitu kiliguswa njiani. Mara nyingi ni kisanduku cha kusawazisha sauti kilichokuwa kimewekwa tiki kwenye programu ya kubadilishia, au programu ilibadilisha idadi ya sampuli (vile vipimo vya kila sekunde) kutoka 44,100 kwenda 48,000 bila kukuuliza.

Angalizo moja kwa wenye faili za biti 24: ongeza -c:a pcm_s24le kabla ya -f md5 kwenye amri zote mbili. Usipoongeza, ffmpeg huzishusha kuwa biti 16 kwanza ndipo ihesabu, na unaweza kuambiwa faili mbili zinafanana wakati hazifanani.

FLAC ina ulinzi wake pia. Ndani ya kila faili kuna muhtasari wa MD5 wa sauti ya asili, ulioandikwa wakati wa kubana. Amri ya flac -t wimbo.flac, ya programu ya bure iitwayo flac, hufungua faili nzima, kuhesabu upya na kulinganisha. Diski ikianza kuoza na kuharibu biti moja, amri hiyo itakuambia. WAV haiwezi kukuambia hivyo, na kwangu hiyo peke yake ni sababu tosha ya kutunza FLAC.

Nikibadili tu herufi za mwisho za jina, .wav kuwa .mp3?

Hujabadili kitu ila jina. Ndani bado ni WAV. Programu nyingine zitaicheza kwa sababu huchungulia ndani kabla ya kuamini jina, nyingine zitagoma.

Faili yangu ni .m4a. Iko kundi gani?

Jina hilo peke yake halitoshi. M4A ni kasha tu, na ndani yake panaweza kuwa na AAC, iliyopunguzwa, au ALAC, iliyo kamili. Ukubwa unaweza kukudokeza: dakika 4 zikiwa MB 8 ni AAC, zikiwa MB 25 huenda ni ALAC. Ukitaka uhakika andika ffprobe wimbo.m4a (ffprobe huja pamoja na ffmpeg), utafute mstari wenye neno Audio. Utaona imeandikwa aac au alac. Ogg nayo ni kasha la namna hiyo: huweza kubeba Vorbis, Opus na hata FLAC.

Kuelewa tofauti ya kasha na kilichomo kunakuokoa na hasara nyingi, kama jibu linalofuata linavyoonyesha.

Nina video na ninataka sauti yake tu. Nigeuze iwe MP3?

Usigeuze. Sauti iliyomo kwenye video ya MP4 kwa kawaida ni AAC, yaani imeshabanwa kwa kupunguzwa. Ukiifanya MP3 unaipunguza mara ya pili bila sababu. Badala yake, itoe kwenye kasha la video na uiweke kwenye kasha la sauti bila kuigusa:

ffmpeg -i video.mp4 -vn -c:a copy sauti.m4a

Neno copy ndilo lenye kazi hapo. Linaiambia programu isifungue wala kubana upya, inakili tu. Utaona kazi inaisha kwa sekunde chache hata kwa video ya saa nzima, kwa sababu hakuna hesabu ya sauti inayofanyika. Kwa video za .webm ambazo sauti yake ni Opus, amri ni ileile, ila mwisho uandike sauti.opus.

Ujumbe wa sauti wa WhatsApp nao ni Opus ndani ya Ogg. Kama ni sauti ya mtu unayetaka kuitunza, tunza hiyo faili ya .opus kama ilivyokuja. Hiyo ndiyo nakala bora iliyopo duniani ya maneno hayo. MP3 utakayoitoa kwake itakuwa pungufu.

Nataka MP3 za simu kutoka kwenye FLAC zangu. Niweke kiwango gani?

Hapa unapoteza kwa makusudi, na si vibaya, mradi FLAC inabaki mahali salama. Tumia LAME, programu ya kubana MP3 ambayo imekuwa ikiboreshwa tangu 1998 na imo ndani ya programu nyingi za bure. Chagua kiwango cha V0:

ffmpeg -i wimbo.flac -c:a libmp3lame -q:a 0 wimbo.mp3

V0 haitumii namba moja ya biti mwanzo hadi mwisho. Sehemu nzito zinapewa biti nyingi, sehemu tulivu chache, na kwa wastani huangukia karibu kilobiti 245 kwa sekunde. Kilobiti 320 zisizobadilika hazina ubaya, ila faili inakuwa kubwa zaidi na sijaona faida ya kuilipia nafasi hiyo. Kama simu yako inacheza Opus, nayo simu nyingi za sasa zinaicheza, kilobiti 128 za Opus zinatosha kwa watu wengi na muziki mwingi, na faili ni nusu ya V0.

Usichague kwa kusoma mabishano. Jipime. Programu ya foobar2000 ina nyongeza ya kupima kwa upofu: inakuchezea faili A, faili B, kisha X ambayo ni moja kati ya hizo mbili, nawe useme X ni ipi. Rudia mara kadhaa. Ukiona unakisia, basi kiwango hicho kinakutosha, na hakuna mtu wa kukuambia vinginevyo kuhusu masikio yako mwenyewe. Jaribu kwa makofi, matoazi na ala za kugongwa. Hapo ndipo mbano hujulikana haraka, kwa sababu mlio wa ghafla hutanguliwa na kivuli cha kelele ambacho hakikuwepo kwenye rekodi.

Si inasemekana MP3 imekufa?

Mwaka 2017 taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani ilifunga mpango wake wa kutoza leseni za MP3 baada ya hataza zake kuisha muda. Maana yake ni kwamba sasa ni huru kabisa. Hakuna fomati nyingine inayochezwa na vifaa vingi kama hiyo, ikiwemo redio za magari ya zamani.

Nikiiweka CD ya muziki kwenye kompyuta naona faili za .cda. Nizinakili?

Ukizinakili hutapata muziki. Kila moja ina baiti 44 tu. Ni alama ambazo Windows inaonyesha kukuambia wimbo unaanzia wapi kwenye diski. Nyimbo za CD hazikuwekwa kama faili, zimetandazwa kama mkondo mmoja wa sauti, kwa hiyo zinahitaji programu ya kuzisoma na kuziandika upya.

Kwa Windows, Exact Audio Copy ndiyo inayoheshimika. Kwa Mac kuna XLD. Fre:ac ipo kwa mifumo yote. Chukua moja ambayo inatumia AccurateRip. Hiyo ni hazina ya matokeo ya watu wengine waliosoma CD hiyohiyo: programu ikimaliza, inalinganisha yako na yao, na zikilingana una uhakika kwamba mkwaruzo haukubadili chochote. Toa moja kwa moja kwenda FLAC. Kazi ya kuketi na kubadilisha diski moja baada ya nyingine inachosha, na ukiifanya kwa MP3 ili kuokoa nafasi, kuna siku utalazimika kuirudia yote, kama CD zenyewe zitakuwa bado zinasomeka.

Nina rekodi za biti 24 na kilohezi 96. Nikizishusha kuwa biti 16 na 44.1, nimepoteza?

Kihesabu, ndiyo, na hakuna kurudi. Kwa kusikiliza tu, ni vigumu sana mtu kutambua. Biti 16 hutoa nafasi ya desibeli kama 96 kati ya sauti kubwa kabisa na ukimya wa kelele za chini. Chumba cha kawaida chenye mtu anayepumua kinameza sehemu kubwa ya hiyo.

Faida ya biti 24 iko kwenye kurekodi na kuhariri. Unaweza kurekodi kwa sauti ya chini kwa usalama kisha ukaipandisha baadaye bila kupandisha kelele zinazosikika. Ndiyo maana IASA, jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti, inaelekeza kwamba kanda za zamani zinapogeuzwa kuwa dijitali zisiwe chini ya biti 24 na kilohezi 48. Kama unahamisha kanda za familia au za kikundi, fuata hilo. Kanda zinaoza, na huenda hutapata nafasi ya pili ya kuzicheza.

Ukilazimika kushusha biti, washa ditha kwenye programu yako. Ni kelele ndogo sana inayochanganywa kwa makusudi ili makosa ya kukata namba yasigeuke kuwa mikwaruzo inayofuata muziki. Fanya hivyo mara moja tu, mwisho kabisa wa kazi. Na kupandisha kutoka biti 16 kwenda 24 hakuongezi kitu, unaongeza sufuri.

Nataka kukata mwanzo wa MP3 bila kuibana upya.

Inawezekana. MP3 imejengwa kwa vipande, kila kimoja na sampuli 1,152, ambazo kwa kilohezi 44.1 ni kama milisekunde 26. Programu kama mp3DirectCut hukata kwenye mipaka ya vipande na kuacha vingine vilivyo. Huwezi kukata popote pale kwa usahihi wa sampuli, lakini milisekunde 26 kwa kawaida ni nyingi mno kwa mtaalamu na chache mno kwa mtu mwingine yeyote.

Nyimbo nyingine zina sauti ndogo. Nikizisawazisha ninaharibu?

Ukifanya kwa kufungua na kubana upya, ndiyo. Kuna njia mbili salama. ReplayGain hupima kila wimbo na kuandika kwenye tegi yake (maelezo yaliyomo ndani ya faili, kama jina la wimbo) kwamba upandishwe au ushushwe kiasi gani. Kicheza muziki kinasoma na kutii, sauti haiguswi. MP3Gain hubadili namba ya nguvu ya sauti iliyopo ndani ya kila kipande cha MP3, kwa hatua za desibeli 1.5, bila kubana upya, na unaweza kuirudisha ilipokuwa.

Kwenye programu yoyote ya kubadilishia, tafuta kisanduku cha kusawazisha au kuboresha sauti, ukiondoe tiki kabla ya kuanza.

Albamu yangu ya tamasha ilikuwa inaunganika, sasa kila wimbo una pengo.

Ni tabia ya MP3. Kwa kuwa lazima ijaze vipande vizima vya sampuli 1,152, huongeza ukimya mwanzoni na mwishoni. LAME huandika mle ndani ni sampuli ngapi za kuondoa, na kicheza muziki kizuri kikisoma hayo kinaunganisha nyimbo bila pengo. Pengo likionekana, ama kicheza chako hakisomi, ama MP3 ilipita kwenye programu iliyofuta maelezo hayo. Rudi kwenye FLAC zako, geuza upya kwa LAME moja kwa moja. FLAC na ALAC zenyewe hazina tatizo hili.

Majina na picha za kava zimepotea baada ya kugeuza.

Kila fomati ina desturi yake ya kuandika tegi, na WAV ndiyo dhaifu kuliko zote; programu nyingi hazisomi tegi zake hata zikiwepo. Kwa hiyo usipitie WAV ukitoka FLAC kwenda ALAC. Nenda moja kwa moja:

ffmpeg -i wimbo.flac -c:a alac -c:v copy wimbo.m4a

Lile -c:v copy ni la kava. Bila hilo ffmpeg huiona picha kama video na kujaribu kuibana, na kazi hukwama hapo.

Nitajuaje kama FLAC niliyopewa ni ya kweli?

Ifungue kwa Spek, programu ndogo ya bure inayochora masafa ya wimbo. Mlalo ni muda, wima ni masafa, rangi ni nguvu. FLAC iliyotoka CD huwa na rangi zinazofifia taratibu kuelekea kilohezi 22. Ikiwa imetengenezwa kutoka MP3 ya kilobiti 128, utaona rangi zinakatika ghafla karibu na kilohezi 16, mstari ulionyooka kama umekatwa kwa rula, na juu yake giza tupu. Kwa MP3 ya 320 mstari huo huwa karibu na 20, na ni vigumu zaidi kuutambua.

Usihukumu haraka. Rekodi za zamani nyingi hazina masafa ya juu kwa sababu maikrofoni na kanda za wakati huo hazikuyashika. Hizo hufifia, hazikatiki. Angalia nyimbo kadhaa za albamu kabla ya kusema ni feki.

Tovuti za kubadili mtandaoni zinafaa?

Kwa muziki unaoujali, sizishauri. Nyingi hazikuonyeshi mipangilio waliyotumia, na sauti yako inapitia kompyuta ya mtu usiyemjua. Programu zilizo kwenye kompyuta yako zinafanya kazi bora zaidi, bila intaneti, na kwa folda nzima kwa mara moja.

Hedifoni zangu ni za Bluetooth. FLAC ina maana?

Ukisikiliza kwa hizo, sauti hubanwa tena hewani kwa SBC, AAC au kodeki (njia ya kubana sauti) nyingine ya namna hiyo, kwa hiyo utofauti wa FLAC na MP3 nzuri haufiki masikioni. Maana ya FLAC ni kutunza. Hedifoni utabadilisha, na kodeki zitabadilika.

Na nyimbo nilizopakua ndani ya programu za kusikiliza mtandaoni?

Hizo zimefungwa kwa ufunguo wa programu na si zako kuzigeuza. Ukipenda albamu kiasi cha kutaka kuimiliki, nunua palipo na fomati kamili. Bandcamp, kwa mfano, hukuruhusu kupakua ulichonunua kwa FLAC, ALAC, WAV au MP3, na unaweza kurudi kuchukua fomati nyingine.

Nimegeuza WAV zangu zote kuwa FLAC. Nifute WAV?

Unaweza, kwa mpangilio huu. Kwanza endesha flac -t kwa folda nzima na uhakikishe hakuna faili iliyolalamikiwa. Pili, linganisha MD5 za faili chache. Tatu, nakili folda ya FLAC kwenye diski ya pili, inayokaa sehemu nyingine, kabla hujafuta chochote.

Kuna WAV za kuziweka kando. Zilizorekodiwa kwa biti 32 za desimali (32-bit float), kama vinavyofanya vinasa sauti vipya, haziingii kwenye FLAC bila kubadilishwa namba. Hizo zibane kwa WavPack, ambayo inazipokea zilivyo. Zenye alama za mhariri au maelezo ya kurekodi ndani yake zibane kwa flac ukiongeza --keep-foreign-metadata, la sivyo sauti itabaki na maelezo yatapotea. Na zile za mradi ambao bado unauhariri, ziache mpaka umalize.